Beringi ya metali nyeupe: msasa ndio unaokula shafti yako

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nina karakana ndogo hapa Babati. Kazi yangu kubwa ni injini za mashine za kusaga na za pampu za maji, zile za silinda moja zinazozunguka polepole. Beringi ya konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na shafti, ikiisha nayeyusha metali nyeupe (mchanganyiko laini wa bati), namimina upya, nakereza, kisha napiga msasa namba 400, halafu 1200, na kumalizia kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka inang'aa kama kioo. Wateja wanaipenda. Lakini baada ya wiki chache beringi inashika moto, na tukifungua tunakuta shafti ina michirizi mizunguko yote. Nikiacha msasa, uso unabaki na mawimbi na sehemu zilizochanika. Nitumie msasa laini zaidi? Nifanye nini nipate uso laini unaodumu?"

Marahaba, fundi. Kwa maelezo yako nadhani injini zenyewe ni za aina ya Lister CS 6/1, ile ya nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, au nakala zake zilizotengenezwa India. Nitajibu nikiwa na hizo kichwani, ingawa sehemu kubwa ya nitakayosema inahusu pia beringi za pampu kubwa, mashine za mbao na turbaini ndogo za maji.

Usitafute msasa laini zaidi. Weka msasa wa kila namba, pamoja na hiyo dawa ya shaba, mbali kabisa na metali nyeupe. Michirizi unayoikuta kwenye shafti inatoka humo. Uso laini wa beringi hii unaletwa na kisu kikali kinachokata metali iliyomiminwa vizuri, basi. Cha kung'arisha kwa msasa kipo, nacho ni shafti, lakini ing'arishwe kando, ioshwe, ndipo ikutane na beringi.

Nikueleze sababu, maana ukiielewa hutarudi kwenye msasa hata mteja akikubembeleza.

Metali nyeupe imefanywa laini kwa makusudi. Mmarekani Isaac Babbitt aliibuni mwaka 1839, na mpaka leo aina inayotumika sana ina bati kama asilimia 89, antimoni asilimia 7.5 na shaba asilimia 3.5. Ugumu wake kwa kipimo cha Brinell ni kama 24 ikiwa baridi, wakati chuma cha shafti ya kawaida huanzia kama 200 kwenda juu. Ulaini huo una kazi mbili. Kwanza, beringi inajilainisha kidogo kufuata umbo la shafti pale ambapo mambo hayakukaa sawa kabisa. Pili, punje ya uchafu ikiingia na oili, metali inaimeza na kuizika ndani yake kabla haijaichana shafti. Ndiyo maana beringi ya metali nyeupe inavumilia vumbi la mashine ya unga kuliko ya bronzi.

Sasa angalia unachofanya ukipiga msasa. Punje za msasa ni oksidi ya alumini au kabidi ya silikoni. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, hizo ziko kwenye 9 au juu yake kidogo. Unapozisugua kwenye kitu laini kiasi hicho, sehemu ya punje huvunjika na kuzama ndani. Zile zilizozama kabisa hazina shida. Tatizo ni zile zilizozama nusu, ncha ikabaki nje. Hizo hushikiliwa imara na metali laini, na shafti inapopita juu yake inakwaruzwa kila mzunguko, mizunguko 650 kila dakika. Mafundi wa vifaa vya kupimia hutumia mbinu hiyohiyo kwa makusudi: wanapotaka kusawazisha chuma kigumu sana, huchukua kipande cha metali laini zaidi, hukipaka unga wa kusagia, na kile laini kinakula kile kigumu. Wewe unakitengeneza chombo hicho ndani ya konrodi.

Namba ya msasa haikuokoi. Kwa msasa wenye herufi P mbele ya namba, punje ya 400 ina upana wa kama maikroni 35, na ya 1200 ni kama maikroni 15. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Linganisha na utando wa oili unaobeba mzigo: pale konrodi inaposukumwa kwa nguvu zote na mlipuko wa silinda, utando huo hubaki na unene wa maikroni chache tu. Punje ya msasa wako laini kabisa inaweza kuvuka utando wote na bado ikagusa chuma. Dawa ya kung'arishia shaba nayo ni unga wa kusagia uliochanganywa na kimiminika. Punje zake ni ndogo, lakini zinabaki kwenye vitundu na kwenye mifereji ya oili, na huwezi kuzitoa zote kwa kuosha.

Na mng'ao wenyewe unadanganya. Kusugua kunavuta metali laini kufunika vitundu na mipasuko midogo, hivyo kasoro ya umiminaji inafichwa mpaka injini iifichue kwa mteja. Isitoshe mkono wako haukandamizi sawasawa: kingo za beringi huliwa zaidi kuliko katikati, na duara ulilolipata kwa kisu linaharibika.

Turudi kwenye mawimbi na kuchanika, kwa sababu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Uso ukitoka umechanika, mara nyingi kosa lilianza kwenye sufuria, kabla kisu hakijagusa kitu. Ndani ya metali nyeupe kuna fuwele ngumu za aina mbili: za shaba na bati, nyembamba na ndefu, ambazo huganda kwanza, na za antimoni na bati zenye umbo la mchemraba. Zikiwa ndogo na zimesambaa, kisu kinapita bila kuzihisi. Ukipoza taratibu mno, michemraba inakua mikubwa, na kwa kuwa ni myepesi kuliko metali inayoizunguka huwa inataka kuelea juu. Kisu kikikutana nayo kinairuka au kinaing'oa na kuacha shimo. Fundi anasema metali ni mbaya, kumbe upoaji ndio mbaya.

Kwa hiyo pima joto. Aloi niliyoitaja huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 241 za Selsiasi na huwa kimiminika kamili kwenye nyuzi 354. Joto la kumimina ni kama nyuzi 420 hadi 430. Ukipita mbali zaidi ya hapo bati inaungua, uchafu wa oksidi unaongezeka, na ukimimina unaingia nao. Kipimajoto cha waya kinachofika nyuzi 500 si ghali siku hizi, na ningekinunua kabla ya kununua kitu kingine chochote. Wazee walichovya kijiti cha mti mkavu: kikigeuka cheusi bila kuwaka, metali iko karibu na joto linalofaa. Njia hiyo inasaidia, ila kipimajoto kinakupa uhakika. Koroga kutoka chini kwenda juu kabla ya kuchota, maana fuwele hujitenga, na ondoa utando wa juu kila unapochota.

Ganda la beringi, yaani nusu mbili ngumu zinazobeba metali nyeupe kwa ndani, lipakwe bati baada ya kuoshwa mafuta yote, kisha liwe na joto la kutosha ile bati iliyopakwa iwe bado inang'aa na imelowa wakati unapomimina. Nguzo ya kati, ile inayokaa mahali pa shafti wakati wa kumimina, nayo ipashwe moto, na ipakwe masizi au grafiti isishike. Mimina kwa mkondo mmoja usiokatika. Halafu poza ganda kutoka nje na kutoka chini, kwa hewa au kwa kitambaa chenye maji kinachogusa mgongo wa ganda tu, ili metali igande kuanzia kwenye ganda kuelekea ndani na juu. Ikigandia ndani kwanza, inajivuta na kuachana na ganda, na uso utapata vitundu hasa pale unapouhitaji. Acha ziada ya milimita 2 hadi 3 kila upande; tabaka la kwanza lina uchafu, linapaswa kwenda na kisu.

Na tafadhali sana, usichanganye. Najua risasi ya betri chakavu inapatikana kila kona na metali nyeupe halisi ni ya kuagiza. Zipo metali nyeupe za risasi, nazo zina kazi zake, lakini risasi ikiingia kwenye aloi ya bati inazaa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Beringi yako itakuwa na mishipa dhaifu ndani. Zinki na alumini ni mbaya zaidi: hata kiasi kidogo sana kinafanya metali iwe nzito kumiminika na iwe na uchafu usiokwisha. Kipande cha kabureta, ambayo huwa ya zinki au alumini, kikianguka kwenye sufuria, hiyo metali imekwisha kwa kazi ya beringi. (Na kila kinachoingia kwenye sufuria kiwe kikavu. Tone la maji chini ya metali ya nyuzi 400 hulipuka kuwa mvuke na kukurushia metali usoni. Vaa miwani na glovu, fungua milango.)

Ikishapoa, gonga ganda kwa kinyundo kidogo. Likilia vizuri, metali imeshika. Likitoa sauti iliyokufa, kuna mahali imeachana. Kisha liloweke kwenye mafuta ya taa, lifute likauke kabisa, paka chaki kwenye mstari wa maungano na ubonyeze. Mafuta yakitoka kwenye chaki, usipoteze muda kulikereza. Limimine upya.

Sasa kisu. Hapa ndipo mawimbi yako yanapotoka, na hapa ndipo nataka utumie muda uliokuwa ukiutumia kwenye msasa.

Metali nyeupe inataka kisu kikali kuliko chuma kinavyotaka. Kisu cha chuma cha kasi (HSS), ukikinoa mwenyewe, kinafanya kazi nzuri kabisa. Uso wake wa juu uteremke kama nyuzi 10 kutoka kwenye makali ili kikate badala ya kusukuma, na chini kiwe na nafasi ya nyuzi 10 au zaidi, kwa kuwa unakereza ndani ya tundu na kisigino cha kisu kinaweza kusugua. Baada ya jiwe la grainda, malizia kwa jiwe laini la mafuta mpaka makali yasionyeshe mstari mweupe chini ya mwanga. Kisu kilichotoka kwenye grainda moja kwa moja kina meno madogo, na kila jino linaandika mchirizi wake kwenye beringi. Ukitumia vipande vya kabidi, chukua vile vinavyotengenezwa kwa ajili ya alumini, vyenye makali ya wembe na uso uliong'arishwa. Vya kukerezea chuma huwa na makali yaliyoviringwa kidogo ili yasivunjike, na kwenye metali laini vinapaka tu.

Ncha ya kisu iviringwe, na mwendo wa kisu uwe mdogo. Hapa kuna hesabu moja inayostahili kubandikwa ukutani. Kisu kikipita huacha vilima na mabonde. Urefu wa kilima ni mwendo wa kisu kwa kila mzunguko, mara mwendo huohuo, ukigawa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha mviringo wa ncha. Chukua ncha ya milimita 0.4 na mwendo wa milimita 0.2: kilima kinakuwa na maikroni 12.5. Badilisha, weka ncha ya milimita 0.8 na mwendo wa milimita 0.08: kilima kinashuka mpaka maikroni 1. Metali ni ileile na mashine ni ileile, na uso umekuwa laini mara kumi na mbili na nusu. Kazini hutapata namba hiyo safi, mtetemo na makali vitaongeza chao, lakini utafika kwa urahisi kwenye ukwaruzo wa wastani wa maikroni 0.8, ule unaoandikwa Ra kwenye michoro. Kwa beringi iliyokerezwa hiyo inatosha kabisa. Usijitese kutafuta kioo.

Usishawishike kufanya ncha iwe kubwa mno. Ncha pana inagusa sehemu kubwa kwa pamoja, na fimbo ya kukerezea ndani ikiwa nyembamba itaanza kutetemeka. Hayo ndiyo mawimbi unayoyaona. Fimbo ya chuma isitokeze zaidi ya mara nne ya unene wake. Ikiwa na milimita 20, isizidi 80 nje ya kishikio. Mawimbi yakiendelea, punguza mizunguko au ongeza mwendo kidogo, kaza sehemu zote zinazoteleza, na angalia kimo cha kisu. Kisu kilichokaa chini ya katikati ndani ya tundu kinasugua kisigino.

Kasi nzuri ya uso ni kama mita 100 kwa dakika. Kwa tundu la milimita 50 hiyo ni mizunguko karibu 640 kwa dakika. Kama mashine yako ya kukereza ni nyepesi au konrodi imefungwa bila uwiano, shuka hadi pale isipotikisika, uzuri wa uso utapungua kidogo tu. Kata la mwisho liwe la milimita 0.1 au 0.15 kwa upande. Watu hudhani kata dogo kabisa ndilo laini. Chini ya milimita 0.05 kisu kinaweza kukosa cha kushika, kikapanda juu ya metali na kuipaka. Matone ya mafuta ya taa yanasaidia metali isigande kwenye makali. Acha kisu kipite mpaka mwisho bila kusimama, na kabla ya kukirudisha kiondoe kwenye uso, la sivyo kitakuandikia mchirizi wa kuzunguka wakati wa kurudi.

Kabla ya hayo yote, nusu mbili za beringi ziwe zimefungwa kwenye konrodi yake, na boliti zake, kwa nguvu ileile itakayotumika kwenye injini. Beringi iliyokerezwa ikiwa imelegea hubadilika umbo ukikaza.

Nafasi ya oili: kwa kazi hii anza na sehemu moja ya elfu ya kipenyo. Shafti ya milimita 50, nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.07. Pima kwa waya mwembamba wa risasi uliobanwa katikati kisha ukaupimia unene kwa maikromita, ukiuweka mbali na mfereji. Beringi laini iliyobana mno inaungua haraka kuliko yenye ukwaruzo iliyopewa nafasi.

Skrepa, kisu cha mkono cha kukwangulia, inakuja baada ya hapo, na ni kwa kurekebisha, sio kwa kupamba. Paka shafti bluu ya kupimia, tabaka jembamba kiasi cha kuona chuma kupitia rangi, funga, zungusha kidogo, fungua. Palipopakwa ndipo palipoinuka. Kwangua hapo kwa skrepa kali ya pembe tatu, mikwaruzo mifupi, na kila raundi badilisha mwelekeo ili usichimbe mabonde. Ukiona alama zimesambaa sehemu kubwa ya eneo linalobeba mzigo, katikati na pembeni, simama. Wapo wanaoendelea mpaka wanaipanua beringi kwa mikono. Kama kisu chako kilikata duara vizuri, skrepa itakuwa na kazi ndogo: kuvunja kingo kali za mfereji wa oili, na kupunguza kidogo ubavuni karibu na maungio ili oili iingie. Mfereji wenyewe usivuke sehemu inayobeba mzigo mkubwa. Kila unapoukata humo unaupasua utando wa oili.

Sasa shafti, sehemu ambayo mafundi wengi huipita haraka. Katika ndoa ya metali nyeupe na chuma, uso wa chuma ndio unaoamua. Metali nyeupe ikiwa na vilima vidogo, vitalala chini katika saa za mwanzo. Chuma kikiwa na vilima, hakilali: kitakata beringi kwa maisha yake yote. Kwa hiyo shafti lazima iwe laini kuliko beringi, Ra ya maikroni 0.4 au chini yake. Kwanza ipime kwa maikromita pande mbili zinazopishana, na sehemu tatu za urefu wake. Ikiwa imekuwa yai kwa zaidi ya milimita 0.03, msasa hautaisaidia, ipeleke ikasagwe kwenye mashine ya kusagia kranki. Wewe una bahati ambayo mwenye kununua beringi za dukani hana: unamimina mwenyewe, kwa hiyo kipenyo chochote shafti itakachotoka nacho, unakereza beringi ikifuate.

Baada ya kusagwa ndipo msasa wako unapata kazi yake halali. Chukua utepe wa msasa namba 400 uliolowa oili, uzungushe kwenye shafti, vuta kwa kamba au mkanda wa ngozi ili ukandamize sawa pande zote, kisha maliza na 800. Pasi za mwisho zivute kinyume cha upande ambao shafti itazungukia ndani ya injini, kama beringi itakavyopita juu yake. Ziba matundu ya oili kabla ya kuanza. Ukimaliza, lainisha midomo ya matundu hayo, osha kwa mafuta ya taa na brashi, puliza kwa hewa, osha tena kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka oili papo hapo. Futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na kijivu, rudia. Na meza ya kufanyia haya isiwe ile unayokusanyia beringi.

Huna kipima ukwaruzo? Vipo vibao vya mfano vyenye nyuso za Ra 0.4, 0.8, 1.6 na 3.2; unapitisha ukucha kwenye kibao kisha kwenye kazi yako na kulinganisha. Lenzi ya kukuza mara 10 na tochi iliyolazwa pembeni vitakuonyesha yaliyobaki: kuchanika huonekana kama magamba, mtetemo kama mistari iliyopangana kwa umbali sawa, na punje iliyozama kama nukta inayometa mahali pamoja hata ukigeuza mwanga.

Siku ya kuwasha, kumbuka injini hizi zinalainishwa na kijiko cha konrodi kinachochota na kurusha oili kutoka chini. Hakuna pampu inayosukuma kwenye kichujio. Kila kipande kinachotoka kwenye beringi mpya kinabaki humohumo kikizunguka. Kwa hiyo osha krenkesi yote, yaani sanduku la chini linalokaa oili, weka oili mpya safi, jaza beringi oili kwa mkono, zungusha gurudumu mara kadhaa bila kuwasha. Washa bila mzigo kwa kama nusu saa, zima, fungua mlango wa pembeni, gusa. Beringi ikiwa ya moto kiasi cha mkono kushindwa kukaa, usiendelee. Metali hii kwenye nyuzi 100 ugumu wake unashuka kutoka 24 hadi kama 12, yaani inapoteza nusu ya nguvu kabla hata haijakaribia kuyeyuka. Ikiwa ya uvuguvugu tu, mpe mteja aendeshe kwa mzigo mdogo siku ya kwanza, kisha mwaga oili yote ikiwa bado ya moto na uweke nyingine. Katika bei yako ingiza oili hiyo ya pili, usimwachie mteja aamue.

Ukifungua baada ya muda huo utasoma kazi yako. Eneo la kijivu lililosawazika katikati ni zuri. Mstari unaong'aa ukingoni upande mmoja unasema konrodi imepinda au tundu halikukerezwa sambamba na pini ya pistoni. Michirizi ya kuzunguka inasema bado kuna uchafu unaingia.

Kuhusu beringi ulizokwisha kuzitoa kwa msasa: zile ambazo shafti zake hazijaharibika unaweza kuziokoa kama zina shimu (vibati vyembamba vya kujazia) kwenye maungio. Toa shimu za milimita 0.3 kila upande, funga tena, kereza upya kwa kipimo kilekile. Juu na chini kisu kitaondoa milimita 0.15, na punje zilizozama zitaondoka nayo. Ubavuni karibu na maungio kisu hakitagusa, kwa hiyo hapo pitisha skrepa kwa mkono. Zile ambazo shafti imechimbika na inabidi isagwe, usihangaike na shimu. Yeyusha, mimina upya kwa kipenyo kipya cha shafti. Metali iliyokwanguliwa ikiwa na punje za msasa usiirudishe kwenye sufuria ya beringi, itenge.

Na mteja anayetaka kuona mng'ao, mwonyeshe shafti. Hiyo mpe aishike, ajione humo. Kisha mpe lenzi aangalie beringi ilivyokatwa, mistari myembamba iliyopangana bila kuchanika, na umwambie utaifungua tena mbele yake akirudi kumwaga oili ya kwanza.